Shilingi Niliyoisugua

Baba alipofariki Tanga, mimi nilikuwa Birmingham, nasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa karibu na Harborne. Karatasi zangu zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Siku ya maziko dada yangu alinipigia, akaiweka simu dirishani ili nisikie watu wakisoma. Nilisikia upepo, na mtu akikohoa. Kisha salio lake likaisha.

Miezi michache baadaye nikapata bahasha. Dada alikuwa amempa mzigo mtu aliyekuwa anakuja London, naye akanitumia kwa posta. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na katika fundo shilingi moja ya fedha ya Afrika Mashariki, ile ya kikoloni, yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili. Nilikuwa naijua. Babu alilipwa nayo bandarini ikiwa mpya, akaitia sandukuni, na baba naye hakuitumia. Utotoni tulioneshwa siku za Idi tu. Ilikuwa imekuwa nyeusi karibu yote, weusi wenye zambarau kidogo pembezoni.

Nilikuwa nimepanga chumba Northfield, pembeni mwa Birmingham, kwa mama mmoja wa Kiingereza ambaye tulisalimiana naye kwenye ngazi basi. Zilikuwepo wikendi ambazo sikutamka neno tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Jumamosi moja nikaona nimfanyie baba jambo. Nikachukua dawa ya meno na mswaki mkuukuu, nikaisugua shilingi yake kwenye sinki. Weusi ukashuka na maji. Ikang'aa kama kijiko cha dukani, na mimi nikafurahi.

Mchana nikaipeleka kwenye duka dogo la sarafu na stempu nililozoea kulipita nikielekea sokoni. Sikuwa na nia ya kuuza. Nilitaka kujua thamani yake ili niwe na la kumwambia dada. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyevaa sweta mbili. Nilipoiweka shilingi mezani aliitupia jicho mara moja tu. Alinitazama mimi.

"Wewe mtu wa wapi?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Nilipomwambia Tanga, akasema yeye amezaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta, kifupi kifupi, lakini kilinipata hapa kifuani.

Akaishika shilingi kwa ukingo, akaiweka chini ya lenzi.

"Nani alikwambia kusafisha?"

Nikasema hakuna. Akashusha pumzi, akaanza kunieleza taratibu, kama daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa. Uzee peke yake hauna kitu, alisema. Zipo sarafu za kale kuliko hii ambazo hazimshughulishi mtu. Fedha yenyewe ndani ya shilingi hii ni robo tu, iliyobaki ni madini ya kawaida. Mkusanyaji anauliza zimebaki ngapi kama hizi, zilitengenezwa wapi, na imetumika kiasi gani. Akanionesha nywele za mfalme na manyoya ya simba, bado yamesimama. Hii haikupita mikononi mwa watu, akasema. Kuna mtu aliitunza. Kisha akanionesha mikwaruzo ya mswaki wangu, mamia, imekwenda pande zote. Ule weusi niliodhani ni uchafu ndio ulikuwa ngozi yake, umejengeka miaka yote hiyo, na ukishatoka hakuna fundi wa kuurudisha. Akafungua droo, akatoa shilingi nyingine ya aina hiyo hiyo, pua ya mfalme imelika kabisa, na kusema hiyo itapata mnunuzi kabla ya yangu.

Halafu akanielekeza kwenye herufi ndogo sana, H. Ni alama ya kiwanda, akasema, na kiwanda chenyewe kilikuwa hapa hapa Birmingham.

Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuitarajia. Hata shilingi ya babu ilikuwa na kwao katika mji huu. Nikamwambia mzee kwamba ilikuwa ya baba, kwamba sikumzika, na kwamba asubuhi ile ile nilikuwa nimefuta kilichobaki. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Hakuniambia ninyamaze. Aligeuza kibao cha mlangoni ili wateja wasiingie, akachemsha chai.

Usiku dada aliniuliza shilingi ina thamani gani. Nikasema mwenye duka ameniambia haiuziki. Akafurahi sana, na sikumsahihisha.

Baada ya hapo nikawa naenda kila Jumamosi. Nilimsaidia kupanga sarafu kwa nchi na kwa miaka, nikajifunza kuzishika kwa ukingo. Siku moja alisema hakuwa ameongea Kiswahili tangu mkewe afe. Walikuwa wakikitumia watoto wasielewe. Watoto sasa ni watu wazima, akasema, na kweli hawaelewi.

Tulikwenda hivyo karibu miaka miwili. Magoti yake yakamshinda, binti yake akamchukua akaishi naye Leicester, na duka likauzwa kwa watu wa simu za mkononi. Niliwahi kumpigia mara mbili. Kwenye simu alikuwa hasikii vizuri, kila neno nililirudia, mwishowe tukabaki kuulizana hali tu.

Jumamosi ya kwanza baada ya yeye kuondoka nilivaa koti kama kawaida, nikafika mpaka kituo cha basi. Basi langu likaja, nikaliacha lipite. Nikarudi chumbani, nikafua nguo za kazi, nikazitandaza juu ya radieta, nikakaa kitandani kuzingoja zikauke.