Adhana ya Saa ya Kukisia

Kila umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta ya Zahor iliamka ikiamini kwamba ni tarehe mosi Januari ya mwaka ilionunuliwa. Kwa mashini hiyo, mke wake Amal alikuwa hai bado, duka la vitambaa lilikuwa wazi kule Rumonge, na ziwa lilikuwa limelala mahali pake, mbali na ukuta wa ua. Kisha kisanduku cheupe kilijitokeza na maneno ya Kifaransa: tarehe si sahihi, programu haiwezi kufunguka. Zahor alibonyeza kitufe cha kukubali. Kisanduku kiliondoka, kikarudi.

Nyuma ya kisanduku ilikuwapo picha iliyojaa kioo chote. Amal ameketi barazani, mtandio umeteleza begani, anamcheka mpiga picha, na ziwa limetulia nyuma yake kama shuka iliyopigwa pasi. Baraza hiyo haipo tena. Miaka ile ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwanza uani, halafu dukani, halafu hayakutoka. Amal alikuwa ametangulia kwa Mungu kabla ya hapo. Zahor alipanda na dada yake Khamisa hadi mlimani, juu ya Minago, na kompyuta ikaja nyuma ya baiskeli, imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa.

Mlimani nyumba za Waislamu hazikuwa nyingi, na msikiti ulikuwa mbali. Lakini ndani ya mashini ile Amal alikuwa amewahi kuweka programu ya adhana, kutoka kwenye diski aliyoletewa na ndugu zake. Zahor aliweka spika dirishani. Swala ilipofika, sauti ya muadhini wa mbali ilishuka kwenye michikichi, ikapita juu ya mihogo, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya. Hakuna aliyemteua Zahor. Walizoea tu, na mazoea yale yakawa amana.

Tatizo lilikuwa umeme. Ukikatika, mashini inasahau siku, na programu, ambayo iliwekwa katikati ya mwaka ule wa zamani, inakataa kupiga hesabu ya siku ambazo yenyewe haijazaliwa. Zahor alihangaika nayo. Aliizima na kuiwasha. Aliifungua ubavuni, akapuliza vumbi, akafuta nyaya kwa kitambaa. Alijaribu kuiweka programu upya, lakini diski ilikuwa imekwaruzwa, ikazunguka ndani kwa sauti ya nzi aliyefungiwa chupani, mwisho ikanyamaza. Kilichobaki ni kuandika tarehe na saa kwa mkono kila mara, akitazama simu yake. Hapo programu ilifunguka kwa upole kana kwamba hakukuwa na ugomvi.

Hivyo ndivyo alivyowaeleza watu: mashini ni mzee, ina ukaidi wake. Akonkwa, jirani Mkongomani anayetengeneza mota za mitumbwi, hakukubali.

"Papa Zahor," alisema siku moja akiegemea dirisha, "mota ikikosa leo hivi, kesho vile, hiyo ni ugonjwa. Lakini ikikosa kila siku namna moja, iko kitu kimoja tu inakosa. Umetafuta?"

"Nimetafuta."

"Umetafuta kwa macho ao kwa roho?"

"Wewe nenda kwenye mota zako," Zahor alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Ramadhani ilifika pamoja na mvua. Alasiri moja mawingu yalishuka juu ya ziwa, maji na mbingu vikawa rangi moja ya majivu, na milima ya Kongo ikafutika ng'ambo. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Simu ya Zahor ilikuwa imezimika, na nyingi za majirani zilikuwa hivyohivyo. Njaa ya funga ilikuwa imefika pale ambapo haiumi tena. Inamwinua mtu kidogo kutoka ardhini, na sauti za uani zinamjia kama zinapita ndani ya maji.

Umeme ukarudi. Mashini ikaguna, ikaamka katika mwaka wake. Amal akacheka kwenye kioo.

Zahor angeweza kuondoa kile kisanduku mara moja na kuandika tarehe. Hakufanya hivyo. Alikisogeza pembeni ili kisimzuie kuona, akakaa. Alihesabu nguzo za baraza, akakumbuka ile iliyokuwa na ufa. Alisikia mawimbi chini ya ukuta, na Amal akimwuliza kwa nini hajavaa viatu. Mle ndani hakuna aliyekufa na maji hayajapanda. Macho yake yalijifumba, na mwaka ule ukafungua mlango ukamkaribisha.

Alipozinduka, chumba kilikuwa kimeingia giza. Nje vyombo viligongana. Khamisa alikuwa anapanga futari. Zahor alitazama mawingu, akatazama kisanduku. Hakuwa na saa, na simu hakukumbuka kuichaji umeme uliporudi. Nyumba ya Akonkwa ilikuwa hatua chache chini ya njia, na Akonkwa alikuwa na paneli ya jua juu ya bati. Simu yake haikulala kamwe. Kwenda kuuliza kungemchukua muda mfupi tu. Lakini mwili ulikuwa mzito kwa ndoto, na aliona aibu kuonekana hana saa wakati watu wanamtegemea kwa saa. Akaandika tarehe aliyoijua. Halafu akaandika saa kwa kukisia.

Programu haikulalamika. Haikuwa na njia ya kujua. Baada ya muda mfupi sauti ya muadhini ilitoka dirishani, ikashuka mlimani, na watu wakasema bismillahi.

Jafari, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekuja kufuturu kwao, alikuwa amemaliza sambusa ya pili ndipo upepo ulipoanza. Ulitoka ziwani, ukayapasua mawingu bila haraka. Milima ya Kongo ikatokea kwanza. Halafu, juu yake, likiwa zima, jekundu, kubwa kuliko siku zote, likatokea jua. Lilimwaga njia ya shaba juu ya maji hadi miguuni pa Minago. Lilikuwa zuri mno, na hakuna aliyelitaka.

"Kaka Zahor!" Khamisa aliita. "Toka nje uone jua lako!"

Zahor akasimama mlangoni.

"Mimi iko na ingine mukononi," alisema Jafari, mdomo umejaa. "Nifanye nayo nini?"

"Tema ya mdomoni kwanza, halafu ndiyo uulize," Khamisa alimjibu. "Hata kutafuna hujaacha, wewe!"

Jafari akatema, akajifuta, akaanza kucheka bila furaha. "Lakini hapana kosa ya mzee. Iko mashini. Mashini haifungi, itajuaje uchungu wa mutu anafunga? Si ndiyo, mzee?"

Watu wa nyumba za chini walikuwa wameanza kupanda, kila mmoja na mshangao wake. Zahor aliwatazama. "Ndiyo," alisema. "Ni mashini."

Walisubiri pamoja mpaka jua lilipozama kweli, wakafuturu mara ya pili, chakula kimepoa. Siku yao ilikuwa imeharibika. Ingebidi kuilipa baada ya Ramadhani. Jafari akatoa shauri. Kesho ataipakia kompyuta kwenye pikipiki, aipeleke kwa fundi Rumonge, ifutwe yote ndani mpaka ibaki tupu, iache uongo. Kila mtu akaona ni shauri jema.

Zahor alishika kikombe bila kunywa. Kufutwa yote. Programu ingeondoka, na baraza, na mtandio ulioteleza. Mashini ingehukumiwa kwa kosa lake yeye, nayo haina mdomo wa kujitetea.

"Saa niliiandika mimi," alisema.

Jafari akageuka. "Unasema?"

"Mashini iliniuliza ni saa ngapi. Sikujua, na sikwenda kuuliza. Nikakisia. Ilifuata nilichoiambia."

Zahor alijua kwamba maneno hayo yametoka kwa kuwa picha imeguswa, na kweli inayotolewa ili kuokoa kitu chako ni nusu ya kweli. Ilibaki nusu ambayo hakuna aliyemdai. Aliingia ndani, akafungua mtoto wa meza, akatoka na pili ndogo, betri ya duara, bapa kama kifungo cha koti, ingali ndani ya karatasi yake.

"Na hii fundi alinipa tangu tulipohama. Aliniambia, hii ndiyo inayoikumbusha siku umeme ukikatika. Iweke, na taabu itakwisha. Sikuiweka."

"Kwa nini, kaka?" Khamisa aliuliza.

"Ingeacha kuamka mwaka ule."

Khamisa alielewa kabla ya wengine, akatazama chini. Lakini hakumwachia. Huzuni ya mtu ni yake, na ana haki ya kuibeba mpaka kaburini. Funga ya majirani haikuwa yake, na hakuwa na haki ya kuitua huzuni yake juu ya funga hiyo. Akasema polepole, "Amal mwenyewe angekugombeza."

"Angenigombeza sana."

"Na kesho tutamusikiliza nani?" Jafari aliuliza.

Asubuhi Zahor alifungua ubavu wa mashini. Alitoa pili iliyokufa, akabonyeza mpya mpaka ikalia tik. Kisha akashuka kwa Akonkwa.

"Amahoro, jirani. Nimekuja kuuliza saa."

Akonkwa alimpa simu bila mzaha kwanza. Mzaha ulikuja baadaye, maana habari za jana zilikuwa zimemfikia: "Kumbe ulitafuta kwa roho."

"Ile pili nilikuwa nayo mezani."

"Basi ulikuwa unaificha kwa roho. Murakoze kwa kunipitia. Rudi tena, saa iko bure."

Zahor alirudi, akaiandika saa hiyo na tarehe kwenye mashini. Mchana umeme ulikatika, kama kawaida. Uliporudi, Zahor alikuwa ameketi mbele ya kioo, mikono magotini. Mashini iliguna. Alijikuta akiomba, kama mtoto, kwamba pili iwe mbovu. Kioo kikawaka. Amal alicheka barazani kama siku zote. Zahor alingoja kisanduku cheupe. Hakikuja. Pembeni, kwa herufi ndogo, mashini ilikuwa imeandika tarehe ya leo, na programu ikafunguka yenyewe. Amal alikuwa picha sasa, picha nzuri, ya zamani.

Jioni mawingu yalifunika tena. Majirani walipanda wakiwa na tende mikononi, si wote. Adhana ilipotoka dirishani hakuna aliyekula. Walimtazama Zahor.

"Kaka," alisema Khamisa, "ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Saa niliiuliza asubuhi, na mashini imeikumbuka."

Khamisa akauma tende, halafu wengine. Jafari aliishika yake, jicho lake upande wa ziwa, akingoja upepo. Zahor hakumkasirikia. Alisimama karibu naye, tende yake nzima kiganjani, mpaka maji yalipokuwa meusi kabisa na taa za kwanza za wavuvi zikaanza kuelea juu yake, hakuna mpaka kati ya maji na mbingu.

"Haya, mzee," Jafari alisema mwishowe. "Tule."