Nani Amwamkie Nani

Kwenye semina tulifundishwa kwamba ushirikiano wa watafiti hujengwa juu ya uwazi, mawasiliano na malengo ya pamoja. Upuuzi mtupu. Hapa Ifakara nimejionea kwamba hujengwa juu ya shikamoo, na shikamoo ikikwama, hata mbu hawakamatwi.

Nilikuwa na wasimamizi wawili wa shahada ya uzamivu, mmoja mtaalamu wa mbu, mwingine wa takwimu. Ofisi zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Wote walitoka Mahenge, wote walisoma seminari ileile. Wa mbu alikuwa darasa moja mbele, kwa hiyo yeye ndiye kaka. Wa takwimu alizaliwa miezi michache kabla, cheti cha ubatizo kinasema, kwa hiyo yeye ndiye kaka. Kila mmoja alisubiri kuamkiwa, na wamesubiri mpaka wameota mvi.

Kwa kuwa mtu mwenye adabu haanzi mazungumzo bila salamu, hawakuyaanza. Wakikutana koridoni, mmoja alipokea simu ambayo haikuita. Kwenye vikao kila mmoja alichelewa kusudi, ili akute salamu zimeshapita. Kikao kikabaki mimi na chupa ya chai.

Ningecheka, kama shahada isingekuwa yangu. Mvua zilikuwa zinakaribia. Mitego ya mbu ilitakiwa ifike kijiji cha Mofu kabla barabara haijakatika, na haikuweza kwenda mpaka wakubaliane itategwa nyumba zipi. Likizo yangu ya masomo ilikuwa inakwisha. Msimu ule ukipita, narudi kufundisha baiolojia sekondari mikono mitupu.

Basi nikamwambia kila mmoja kwamba mwenzake haendi Mofu. Asubuhi wakajikuta ndani ya gari moja, kiti cha nyuma, mimi katikati.

Tulipouacha mtaa wa Viwanja Sitini, wa mbu akafungua kinywa. "Mwambie mwenzako nyumba ziwe za karibu na majaruba ya mpunga. Mbu wako huko."

"Mwambie mwenzako," wa takwimu akasema, macho dirishani, "zichaguliwe kwa kura. Akichagua yeye, atapata mbu anaowataka yeye."

"Mwambie mbu nawajua."

"Mwambie ndiyo maana."

Nami nikawa nawaambia, neno kwa neno, huku mabega yao yote mawili yakinibana. Dereva alizima redio asikose kitu. Mwisho hasira zikanipanda.

"Basi niamkieni mimi!" nikapiga kelele. "Wote wawili! Humu ndani mimi ndiye mkubwa!"

Dereva akafunga breki. Nilitamani kushuka nirudi Ifakara kwa miguu. Wa takwimu, bila hata kutabasamu, akasema, "Shikamoo, mama."

Wa mbu hakukubali kupitwa. "Shikamoo, mama!" akasema, kwa sauti kubwa zaidi.

"Marahaba," nikaitika. Ningefanya nini? "Hamjambo? Haya, tuzungumze nyumba."

Kumbe hawakuwa mbali hivyo. Tulizigawa nyumba za Mofu mafungu mawili, za karibu na majaruba na za mbali, na kila fungu tukalipigia kura kwa vikaratasi ndani ya kofia ya dereva. Mitego ikategwa kabla ya mvua. Msimu mzima waliniamkia kila asubuhi, na kila asubuhi nikaitika nikiona aibu.

Siku niliyotetea tasnifu yangu nikafaulu, mama alikuja kutoka kijijini kwetu, Mbingu. Akawasikia. Alinivuta pembeni akanifinya mkono.

"Wazee wa watu wanakuamkia wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wao kwa wao?"

"Hawaamkiani. Wanafanya kazi tu."

Mama akageuka kuwatazama. Walikuwa wameinamia kompyuta moja, wanabishana kuhusu mchoro wangu, ana kwa ana, kila mmoja akimkata mwenzake kauli.

"Basi," akasema, "endelea kuitika."