Ng'ombe Hangoji Pikipiki ya Mwaka Ujao

Siku ile naikumbuka kwa matope yake, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na barabara ya kupanda kule juu karibu na msitu ilikuwa imelainika kama uji. Lakini kabla sijakupeleka huko, weka simu chini kwanza. Ndiyo, hiyo hiyo. Kunywa chai yako, Wangui, na unisikilize mimi nyanya yako. Nimekulea tangu ukiwa wa mgongoni, kwa hiyo nikikuita mwanangu usiniambie ati mimi ni cucu tu.

Najua unachotazama. Ni ile pikipiki ya injini ya mia nne ambayo kila kijana wa Ruring'u anasema iko njiani. Juma lililopita ilikuwa na silinda moja, juma hili imeota ya pili. Juzi nilipokusindikiza kwa fundi, mmoja wao aliapa kwamba binamu yake ameiona Nairobi kwa macho yake, ikiwa imefunikwa turubai. Nikamuuliza, kama ilikuwa imefunikwa, aliona nini? Wakacheka. Mwingine akaniambia, "Cucu, hiyo kitu si ya rika yako. Ata huyu Wangui hawezi. Kiti iko juu, inataka mwanaume mrefu."

Nikamjibu, "Basi nitaletewa stuli, na wewe ndio utaishika nikipanda."

Sikukatazi kuitumaini, mwanangu. Hata mimi naitaka! Magoti yangu yamezeeka lakini masikio bado, na nataka kuisikia mashine ya nguvu ikikwea vilima hivi bila kulia. Kilichoniuma ni kile nilichosikia jana jioni nikiwa jikoni nachambua maharagwe. Mtu alikupigia kutoka kule juu, ng'ombe wake ameshika joto, anataka kupandishwa. Ukamwambia, "Hii yangu ya mia moja na hamsini haiwezi huko na hii mvua. Ngojea ile mpya ikuje, nitakuwa nakuja kwenyu kila mara." Halafu ukarudi kutazama picha. Nilichoka, kusema kweli. Maharagwe yenyewe nusura niyamwage.

Sasa rudi nami kwenye yale matope.

Kazi unayofanya wewe leo ndiyo niliyofanya mimi nikiwa na umri wako: kuwapelekea wafugaji mbegu ya fahali, ili yule asiye na fahali naye apate ndama. Watu walituita madaktari wa ng'ombe, ingawa mimi udaktari sikuusomea. Nilifundishwa kazi, nikaishika. Kila mmoja wetu alikuwa na pikipiki ndogo na mtungi wa chuma wenye baridi kali ndani, ule unaotoa moshi ukifunguliwa. Pikipiki yangu niliiita Kanyoni, yaani ndege mdogo, kwa sababu ya mlio wake. Kwenye kundi lile mwanamke alikuwa mmoja, na ndiye huyu anayekunywesha chai.

Basi uvumi ukaja. Oo, usidhani uvumi umezaliwa na simu! Ulikuwepo, na ulikuwa na miguu. Ilisemekana mashine kubwa zinaletwa, zenye nguvu maradufu, na kila daktari wa ng'ombe atapewa yake. Mara zimefika bandarini. Mara zimeonekana Thika. Mara rangi yake ni nyekundu. Wanaume wakaanza kugawana kabla hazijafika, huyu anataka ya kwanza, huyu anasema yeye ni mkubwa kazini. Nilipouliza nani amezishika kwa mkono, wakanitupia methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikawauliza, laja lini? Wakarudi kugawana zao.

Msimamizi wetu aliitwa Gachara. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwepesi wa kuamini. Asubuhi moja akatukusanya, akatangaza kwamba hakuna kwenda tena vijiji vya juu, kwa sababu vile vilima vinamaliza klachi za pikipiki ndogo. Huko tutaenda zile kubwa zikifika. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza watu wa juu watafanya nini kwa sasa.

"Watangoja," akasema. "Si wamezoea? Na wewe, Muthoni, usijisumbue. Hizo kubwa zikikuja wewe utapewa kazi ya ofisi. Hiyo si mashine ya mwanamke."

Kuna maneno ambayo ukiyajibu kwa mdomo unayapunguza.

Asubuhi hiyo hiyo mbeba maziwa alikuwa ameleta ujumbe kutoka kwa Mama Kabura, mjane wa kule juu kabisa, mahali shamba linapogusana na msitu. Alikuwa na ng'ombe mmoja. Mmoja, mwanangu, na ndiye aliyemsomesha mtoto wake Kabura na kuweka chumvi nyumbani. Ng'ombe huyo alikuwa ameshika joto jana yake jioni. Mara mbili zilizotangulia alishika, wakaita, wakaambiwa wangoje zile mashine kubwa. Na shemeji ya yule mjane alikuwa ameshasema neno lake: ng'ombe asiyezaa ni nyama, safari hii akikosa tena anapelekwa kwa mchinjaji Karatina.

Wewe hii kazi unaijua, kwa hiyo sina haja ya kukueleza saa za ng'ombe. Akionekana jioni, asubuhi ndiyo yake. Jua likishapinduka, umebaki na stori. Watu husema subira huvuta heri, nami sikatai. Lakini ng'ombe akiwa kwenye joto, subira humvutia mchinjaji.

Nikatoka nje, nikafunga mtungi nyuma ya Kanyoni, nikapiga teke. Gachara akatoka mbio na kikombe mkononi. "Unaenda wapi?" Nikamwambia juu. "Nimesema hakuna kwenda juu!" Nikamwambia, "Nimesikia," nikaenda.

Kanyoni ilijitahidi. Ilipanda kilima cha kwanza, ikapanda cha pili ikikohoa, na kwenye kile cha tatu, kile kirefu chenye kona, gurudumu likaanza kuzunguka mahali pamoja na kunirushia matope mpaka mdomoni. Nikateremka. Kuiacha nisingeweza, maana ukishapita kile kilima njia bado ni ndefu, na saa zilikuwa zinakwenda. Kwa hiyo nikafanya walivyofanya mama zetu na kuni. Nilikuwa nimebeba mukwa wa mama yangu, ule mkanda wa ngozi wa kubebea mzigo. Nikaufunga mtungi mgongoni, mukwa nikaupitisha kwenye paji la uso, nikainamisha kichwa. Pikipiki nikaitia gia ya kwanza, nikatembea kando yake nikiwa nimeishika usukani, nikiipa mafuta kidogo kidogo. Ilikuwa nyepesi bila mimi na bila mtungi, ikapanda. Tukapanda wote wawili kwa miguu, mimi na yeye.

Vijana waliokuwa wamekaa kwenye ukingo wakanicheka. "Ona daktari amekuwa punda!" Nikawaambia punda hufika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siku hiyo niliinama mpaka shingo ikawaka moto.

Nilipoingia kwa Mama Kabura nilimkuta shemeji yake uani, kamba mkononi. Alikuwa amekuja kumchukua ng'ombe, hakutaka hata kungoja adhuhuri. Mama Kabura alikuwa amesimama mbele ya mlango wa zizi, mikono ameipanua. Yule mwanaume akanitazama matope yangu, akatazama ule mukwa kichwani.

"Daktari ni wewe? Mwanamke?"

Nikamwambia, "Shika mkia."

"Ati nini?"

"Mkia wa ng'ombe. Uushike uweke kando, niko na kazi."

Akaushika! Mpaka leo nikikumbuka uso wake nacheka peke yangu. Nikaomba maji ya vuguvugu kwenye kikombe, nikatoa mbegu kwenye mtungi, nikaiyeyusha humo kama tulivyofundishwa, nikavaa mfuko mrefu wa mkononi, nikafanya kazi yangu bila haraka.

Hapo ndipo nilipokemewa, mwanangu, na ndiyo sababu nakusimulia. Nilimwambia Mama Kabura, "Unisamehe, nimekuja nikiwa nimechelewa. Zile mashine kubwa zikifika nitakuwa nakuja mapema."

Akaweka birika chini. Alikuwa mama mpole, sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, lakini siku hiyo aliipandisha. "Wewe msichana, nyamaza. Hiyo mashine ya kuja imeleta nini hapa leo? Mara mbili nimeambiwa niingoje, na ng'ombe yangu karibu ichinjwe na hiyo maneno. Usiniombe msamaha ya kitu haijafika. Nani amefika? Si ni wewe? Basi wacha kujidharau, kunywa chai."

Nikainywa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, ila sikuwa nimeielewa mpaka siku ile, mbele ya yule mwanamke na zizi lake.

Niliporudi, Gachara alikuwa ananingoja mlangoni. "Nani alikutuma huko?" Nikamwambia, "Ng'ombe." Akasema ataninyang'anya pikipiki. Nikatoa ufunguo, nikauweka mezani mbele ya wote, nikamwambia auchukue, lakini kwanza aniambie hapo hapo ni nani atakayepanda juu kesho. Akatazama wanaume. Wanaume wakatazama viatu vyao. Ufunguo ukakaa pale mezani mpaka nilipouchukua mwenyewe, na kuanzia siku ile vijiji vya juu vikawa vyangu.

Na zile mashine kubwa? Eh, mwanangu, nasikia bado ziko bandarini.

Ng'ombe wa Mama Kabura alizaa ndama jike. Shemeji mtu ndiye aliyekuja mbio kunipa habari, akisema "ndama wetu, ndama wetu", kana kwamba kamba hakuwahi kuishika yeye. Mama Kabura akamwita yule ndama Kanyoni. Nilimwambia jina la pikipiki halifai kwa ng'ombe. Akaniambia nyumba ni yake na ng'ombe ni wake. Huyo Kanyoni alizaa, na watoto wake wakazaa, na ukipita kule juu hata sasa utawaona, wenye baka jeupe kwenye paji.

Sasa nisikie vizuri. Wakikuyu husema mũgĩ nĩ mũtaare, mwerevu ni yule aliyeshauriwa, na mimi sikushauri uwe na matumaini madogo. Wako wengi watakaokupunguzia matumaini bila malipo. Watakuambia kiti kiko juu, watakuambia hiyo si ya msichana, watakuambia vitu vizuri huishia Nairobi na sisi wa mlimani tuletewe vilivyochoka. Wakatalie! Itake hiyo mia nne, iseme kwa sauti, weka akiba yake, na siku ikifika uwe wa kwanza kuipanda na mimi niwe nyuma yako nimekushika kiuno. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Tumaini halikatazwi, lakini litumaini ukiwa njiani. Mtu anayengoja mashine akiwa amekaa, hata ikija itamkuta hajui barabara. Na asikudanganye mtu kwamba anayengoja ni wewe peke yako. Ukingoja wewe, anayelipa ni yule wa juu mwenye ng'ombe mmoja.

Yule aliyekupigia jana jioni, ulimwuliza jina? Mimi sauti yake niliijua kutoka jikoni. Ni kijana wa Kabura. Na huyo ng'ombe anayekungoja ana baka jeupe kwenye paji.

Ameonekana jioni, na sasa ni asubuhi. Saa bado zipo. Usinitazame hivyo, wala usilie, chai itapoa. Mpigie, mwambie unakuja. Hiyo yako ya mia moja na hamsini ina nguvu kuliko Kanyoni mara ngapi sijui, na ikikataa kwenye kile kilima cha kona, nimekwisha kukuonyesha la kufanya.

Lete mikono. Geuka kidogo, uelekee mlimani. Nakutemea mate ya baraka viganjani kama nilivyotemewa na mama yangu: barabara ikujue, kilima kikuinamie, kila mlango utakaobisha ukufungukie na kukupa cha moto cha kunywa. Mashine uliyo nayo isikuangushe, na unayoitaka Mungu aipitishe kwako. Asiyekutakia kufika akutane na mavumbi yako. Thaai, amani iwe nawe.

Haya, nenda. Mukwa uko nyuma ya mlango.