Kiti cha Mama Mkwe Nyuma ya Goli

Kwenye soka Mihayo alijulikana kwa heshima kama mchezaji mzoefu. Maana yake ni kwamba kila timu iliyomsajili iliona msimu mmoja naye unatosha. Alianzia Shinyanga, akaenda Songea, akashuka Lindi, kisha akapelekwa Kigoma kwa mkopo na timu ambayo haikumwomba arudi. Kila alikofika alipigwa picha ameshika jezi mpya, akasema hapa anajisikia yuko nyumbani. Kila alikoondoka walimtakia heri huko aendako, bila kujua ni wapi, kama ambavyo yeye mwenyewe hakujua.

Magoli yapo. Lindi bado wanalikumbuka moja, ingawa wao hulihesabu kama la beki aliyejifunga.

Mwaka huu hakuna aliyemwita. Alirudi kwao Migato akakuta pamba ya baba yake imepasuka shambani, na pamba haiulizi umewahi kuchezea timu gani. Alikuwa katikati ya kuchuma aliposikia simu. Aliyepiga alikuwa kocha Deogratias, ambaye timu yake ya Tanga ilikuwa bado inatafuta straika na dirisha la usajili linakaribia kufungwa.

"Nasikia mna fainali Bariadi Jumamosi," alisema kocha. "Nitapita. Goli moja tu mbele ya macho yangu, kaka, na jezi ni yako. Usipofunga, tusisumbuane tena."

Fainali yenyewe ilikuwa ya kombe la mnunuzi mmoja wa pamba, Migato dhidi ya Bukundi. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe. Tangu asubuhi lilifungwa pembeni ya uwanja, likitafuna majani kwa utulivu wa mgeni rasmi ambaye hajaelezwa ratiba.

Mabeki wa Bukundi ni vijana waliokua wakikimbizana na ng'ombe, lakini Mihayo hakuwaogopa. Alichosahau ni kwamba Bukundi ndiko alikoposa. Mchumba wake, Klementina, ni binti wa huko. Posa ilikuwa imepokelewa na wazee walikuwa bado wanazungumzia mahari. Tena, kila timu yenye akili huku ina kamati ya ufundi, yaani watu ambao mpira hawaujui ila binadamu wanawajua. Kamati nyingine hutegemea mganga na kuku. Ngassa, mwenyekiti wa ile ya Bukundi, alikuja na kiti cha plastiki.

Alikiweka nyuma ya goli la timu yake, akafungua mwavuli, akamkaribisha Mama Apolonia, mama mzazi wa Klementina.

"Mwadila, mayu. Kaa hapa kwenye upepo," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Leo mkwe wako anacheza. Atakuwa anakuja huku huku."

Msukuma yeyote angeuelewa ukatili huo. Mkwe hamkabili mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Heshima hiyo ni ya kale kuliko bukta, na hakuna mzee aliyewahi kupanga itakuwaje siku mkwe atakapokuja mbio, mapaja wazi, jasho likimtoka, akielekea moja kwa moja alipokaa mama wa watu. Ulaya kuna makocha wanaokesha mbele ya kompyuta wakibuni namna ya kumzuia mshambuliaji asiingie kwenye boksi. Waje Bukundi wapumzike.

Mapema tu Mihayo alipata pasi safi. Akageuka, akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, akainua macho kulenga goli. Akaona mwavuli. Chini ya mwavuli akaona kitenge. Akauelekeza mpira kwenye kibendera cha kona na kuukimbilia huko, kana kwamba goli limehamishwa kwa dharura.

"We namba tisa!" shabiki mmoja alipiga kelele. "Goli liko huku! Au unakwenda kuchimba dawa?"

"Mwache, anatafuta kichaka ampishe mama!" akajibu mwingine, na upande mzima wa Bukundi ukaangua kicheko.

Kocha Deogratias, mtu wa pwani, alimuuliza jirani yake straika ana ugonjwa gani. Akaelezwa. Akatikisa kichwa.

"Sasa mimi kwenye ligi nitajuaje nani kaposa wapi?"

Wakati wa mapumziko Mihayo alipumua: timu zinabadilishana magoli. Kiti nacho kikabadilisha. Ngassa alikibeba kichwani akiongoza msafara, na Mama Apolonia akamfuata taratibu chini ya mwavuli, kitenge amekivuta mpaka machoni. Migato walikwenda kulalamika kwa refa. Refa, ambaye naye alikuwa na mama mkwe Meatu, alisema kanuni hazizungumzii wakwe.

"Kaka, ukifumba macho je?" aliuliza Josia, winga wa Migato, dereva wa bodaboda hapo mjini.

"Nikifumba nitauona mpira?"

"Ukifumbua, goli hulioni."

Ikaendelea bila kwa bila mpaka karibu na mwisho, beki wa Bukundi alipounawa mpira ndani ya boksi. Penalti. Hata Ngassa alishika kiuno.

Mihayo aliutenga mpira. Juu ya bega la kipa, mwavuli. Aliiwaza Tanga, jezi mpya, picha, na ile sentensi ya nyumbani. Akawawaza wazee wa Bukundi wakisimulia miaka yote kwamba mkwe alimjia mama mkwe mbio na bukta, kisha akampigia shuti. Maana kipa angeweza kukosa, lakini mpigaji naye angeweza kukosa, na rekodi yake ya penalti haikuwa ya kumpa mama wa watu matumaini.

"Josia. Piga wewe."

"Kaka, kocha amekuja kukuona wewe!"

"Najua. Piga."

Josia, ambaye bado hajaposa popote, alipiga chini kushoto. Kipa alikwenda kulia. Dume likafunguliwa kamba, likaanza safari ya Migato bila kuonyesha furaha yoyote.

Kocha Deogratias ni mtu wa neno lake: goli moja mbele ya macho yake. Jumapili asubuhi Josia alipanda basi, pikipiki akamwachia Mihayo. Kabla ya wiki kuisha picha ya Josia ilikuwa imesambaa kwenye simu, ameshika jezi, akisema anajisikia yuko nyumbani.

Lakini Jumapili hiyo hiyo mchana Klementina alipiga simu.

"Mama anauliza kwa nini hawakukupanga."

"Hawakunipanga? Nimecheza mechi nzima!"

"Ngassa alipomwambia mkwe anacheza, mama alijifunika kitenge usoni. Au Ngassa alitaka akutazame na bukta? Hajaona hata mpira, na goli alisikia ni la Josia."

Mihayo alikaa juu ya pikipiki ya Josia.

"Kwa hiyo ningepiga tu."

"Ungepiga, wazee wangekuona. Hukupiga, wamekuona pia, na heshima hiyo wameipenda. Baba anasema mazungumzo ya mahari yameisha, harusi iwe baada ya mavuno. Na Ngassa anauliza kama mwakani utaichezea Bukundi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu kumtaka baada ya kumwona akicheza.

"Mama atakaa wapi?"

"Hatoki tena. Anasema mpira ni mchezo wa kukaa gizani ukisikia watu wanacheka."

Mihayo, kwa mabenchi yote aliyokalia kutoka Songea mpaka Kigoma, hakuwa na la kumpinga.