Jioni Niliyokutwa na Ungo

Siku mwanangu Lugano aliponiuliza kwa simu kama naweza kumchimbia mke wake shimo la moto nyuma ya nyumba, nilitakiwa kusema hapana. Nilisema sawa. Neno hilo moja ndilo lililonifanya niwe yule mzee wa Soweto, hapa Mbeya, aliyekutwa na jumuiya nzima ya kanisa akiwa uchi, amepakaa majivu, ameshika ungo, mwezi mpevu ukimmulika kama taa. (Ukienda sokoni Mwanjelwa utasikia wanaongeza kwamba nilikuwa natua kutoka Malawi. Hiyo si kweli. Mengine yote ni kweli, na ni afadhali nikusimulie mwenyewe.)

Lugano alimwoa Klara hukohuko Ulaya alikokuwa akisoma, wakarudi kuishi nasi wakati Lugano anaanzisha biashara ya parachichi. Mimi wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, na sikuwa na hofu nyingine duniani isipokuwa hii: mtaa utampokeaje mkwe wangu? Mtu mgeni mtaani kwetu anachunguzwa hata namna anavyoanika nguo. Nilijua wakishampa jina baya halitafutika, na siku atakapofungasha mizigo ataondoka na mwanangu. Basi nikawa natembea naye katika maombi kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Sasa sisi Wanyakyusa tuna mila yetu, kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawaangaliani usoni wala hawasogeleani. Akisikia kikohozi chako anapita njia nyingine. Mjini wengi wameiacha, lakini mimi nilizaliwa Tukuyu na nimelelewa nayo, na Klara, masikini, alipoelezwa na mke wangu aliishika kuliko mabinti wa hapa. Nikikohoa tu, mzungu wa watu anajibanza nyuma ya mparachichi, bega lote liko nje. Kwa hiyo shida yake yoyote ilinifikia kupitia kwa mama Lugano au kwa Lugano mwenyewe, na hili la shimo lilikuja kwa simu kwa sababu Lugano alikuwa upande wa Iringa akinunua parachichi kwa wakulima.

Nikamuuliza, shimo la moto la nini. Akasita. Akasema kwao Klara na wenzake mwezi ukijaa huwa wanawasha moto nje, wanavaa nguo nyeupe, wanashukuru kwa mwezi uliopita na kuomba heri kwa ujao.

"Ni ibada?" nikauliza.

"Si ibada hasa, baba. Wao wanauita uchawi, lakini ni uchawi mzuri tu, kama burudani. Si huu wetu."

Hapo ndipo mahali penyewe. Mzee wa kanisa mwenye akili timamu akisikia neno hilo anakata simu. Lakini nikafikiri, binti wa watu ameacha kwao, hana ndugu hapa, ana baridi ya Juni ya Mbeya na lugha ya kujifunza, nitamnyima shimo? Nikasema sawa.

Nikaletewa mchoro kwenye karatasi: duara la mawe, viti vya magogo, na upenyo unaotazama mwezi unakochomoza. Mchoro mzuri, ila kwa jicho langu ulikuwa na kasoro moja: moto ule hautapata hewa. Nikueleze kwamba mimi ujana wangu wote niliumalizia Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, upande wa boila, lile tanuri la kuchemshia mvuke, na mtu wa boila hawezi kuona moto unaonyimwa hewa akalala usingizi. (Mke wangu anasema hata mshumaa wa kanisani huwa nautazama kwa kuukosoa.) Nikachimba shimo, nikalizungushia matofali ya kuchoma, halafu nikatoboa mfereji chini ya ardhi kutoka upande upepo unakotoka, mdomo wake mpana huku, mwembamba kule, ili hewa ikiingia isukumwe kwa nguvu. Ningeishia kwenye mchoro, labda leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Nikiwa shimoni hadi kiunoni, kichwa cha Mama Sekela kikatokea juu ya uzio. Huyu ni jirani yetu na ndiye kiongozi wa jumuiya yetu, ile ya kusali nyumba kwa nyumba, na hakuna jembe linalogonga jiwe mtaani asijue.

"Baba Lugano, unamzika nani wa mviringo hivyo?"

Ningemwambia ukweli? Nikasema ni mahali pa kuota moto, nimeona wanajumuiya wanapata shida na baridi, nikaona niwajengee. Akafurahi mno. Akasema Mungu anibariki kwa kuwakumbuka wenzangu, na nikabaki shimoni nimebarikiwa kwa uongo.

Mwezi ukajaa siku ileile ya jumuiya. Zamu ilikuwa nyumba ya chini kabisa mtaani, nami nikaona siwezi kwenda huku nyumbani kwangu moto unawaka bila mtaalamu, nikatuma ujumbe kwamba kifua kimenibana, wanisamehe. Huo ukawa uongo wa pili, na nikaulaza salama juu ya ule wa kwanza. Nilichosahau (mimi, mzee wa kanisa, niliyewafundisha mwenyewe) ni kwamba mwanajumuiya akiugua, jumuiya haiendelei bila yeye. Inahama, inamfuata kitandani.

Jua lilipozama nilikuwa natoka kuoga, na mama Lugano akaja mbio kwamba moto umegoma. Kuni zilikuwa za mlingoti, ule mkaratusi, tena mbichi. Klara ameshapuliza mpaka macho yamevimba, sasa yuko ndani anajitayarisha, na mwezi unakaribia kutokeza. Nikawashe haraka kabla hajatoka, tusikutane. Nikasema navaa. Akasema hapana, mkwe amesema asogeleaye moto ule awe na nguo nyeupe, akanivisha shuka la kitanda. Nikasema chini ya shuka je? Akasema dakika moja tu, nani atakuona.

Nikatoka peku, shuka limefungwa kifuani. Nikakuta pembeni mwa shimo Klara ameshapanga vitu vyake: mishumaa, bakuli la chumvi, kioo, majani ya kunukia, na pembe kubwa ya ng'ombe aliyoinunua Mwanjelwa akidhani ni urembo. Pembe. Nilisimama nikaitazama kidogo, nikamwambia Mungu tutazungumza baadaye.

Kuni zilikuwa zinatoa moshi kwa dharau. Nikatafuta cha kupepea kwenye mdomo wa mfereji wangu, nikaona ungo wa mke wangu umeegeshwa ukutani jikoni. Nikauchukua. Nikachuchumaa, nikapepea mara ya kwanza, ya pili, na nikaanza kusikia ule mngurumo ninaoujua, mngurumo wa Mgololo, boila likikubali, na nakuambia kweli moyo wangu ulirudi ujana nikasahau niko wapi na nimevaa nini. Nikapepea kama kijana wa zamu. Moto ukaruka juu usawa wa bati, na ulipokuwa unashuka ukaona pindo la shuka, ukalipenda.

Mtu akiwaka hafikirii. Nililitupa shuka kwenye shimo, nikakumbuka ni shuka la wageni, nikalivuta, nikajimwagia ndoo ya majivu niliyoiweka hapo kwa ajili ya tahadhari, shuka likamalizika hivyohivyo, nami nikabaki kama nilivyozaliwa, ila mweupe zaidi. Na ndipo nikasikia wimbo.

Walikuwa wanaimba taratibu, kwa upole wa watu wanaomwendea mgonjwa, wakizunguka nyumba kwa sababu waliona mwanga wa mahali pao pa kuota moto. Nikatazama kushoto, uzio. Kulia, uzio. Nikajikinga kwa kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi.

Wimbo haukukatika mara moja. Sauti ya kwanza ilikufa kwanza, kisha ya pili, kisha wanaume, akabaki Mzee Kihwele peke yake kwenye besi, kwa kuwa yeye huimba amefumba macho, akamaliza ubeti wote huku wenzake wamesimama kama miti. Halafu akafumbua. Kihwele ni Mhehe wa Iringa, tumefanya kazi pamoja Mgololo miaka mingi, ni rafiki yangu kuliko ndugu. Alinitazama mimi, akautazama ungo, akautazama mwezi, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia:

"Ndugu yangu, ulikuwa unapaa au unatua?"

Nikasema kifua kimepata nafuu.

Mama Sekela hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye pembe. Kutoka pembe yakaenda kwenye kioo, kwenye chumvi, kisha polepole yakapanda mpaka mlango wa jikoni, na mimi nikajua anahesabu nini kichwani: shimo hili halikuwepo kabla ya mzungu kuja. Ndani ya mlango, gizani, mke wangu alikuwa amemshika Klara mkono, nguo yake nyeupe ikionekana kwa mbali.

"Baba Lugano," Mama Sekela akasema, "hivi vitu ni vya nani?"

Kabla sijafungua kinywa mlango ukasogea. Klara alijinasua akatokeza mguu mmoja, na kwa Kiswahili chake cha kujifunza akaanza: "Samahani, Mama Sekela, moto huu ni—"

"Ni wangu," nikasema. "Moto ni wangu, pembe ni yangu, na ungo ni wangu. Mkwe hajui lolote. Alikuwa amelala."

Klara akageukia sauti, akaniona. Naye alifanya kile alichofundishwa: akavuta ile nguo nyeupe akajifunika uso wote, akapiga magoti palepale kizingitini, kisha akarudi nyuma kwa magoti mpaka akapotea ndani. Mama mmoja akasema polepole, "Mnaona? Mzungu wa watu ana heshima kumshinda baba mkwe wake." Wakaitikia. Nikaona sura ya Mama Sekela inalegea kuelekea mlangoni na kukaza kuelekea kwangu, na katika aibu yote ile nikashusha pumzi.

Kihwele alivua koti akanirushia. Alinirushia, hakunipa mkononi, na nililiona hilo.

Waliuombea ule moto mpaka ukazimika (kwa hewa niliyoutengenezea, ilichukua muda), na kesho yake vijana wa kanisa wakaja kulifukia shimo. Lugano aliporudi alitaka kwenda kueleza ukweli kila nyumba, nikamkatalia. Nikamwambia mimi nimebakiza miaka michache ya kusemwa, mkeo amebakiza mingi. Mama Lugano alipanda kabichi pale palipokuwa na shimo, na sijapata kuona kabichi kubwa namna ile, ni yale majivu, lakini hakuna jirani aliyekubali kupokea hata moja. Tulikula wenyewe hadi tukazichukia.

Mchungaji aliniita, akaniuliza kwa upole kama nina la kusema. Nikasema ni ujinga wa uzeeni. Makosa yalikuwa yangu kweli: shimo nililikubali mimi, uongo niliusema mimi, na mfereji ule wa hewa hakuna aliyeniagiza. Akasema basi nipumzike kwanza.

Klara sasa yuko kwaya, sauti ya pili, anasimama jirani kabisa na Mama Sekela, na jumuiya ikifika zamu yetu ni yeye anayewakaribisha wakati mimi nasalia chumbani nikikohoa ili ajue niliko. Mimi "sawa" ile ilinigharimu uzee wa kanisa, na ilinigharimu Kihwele, ambaye hupunga mkono akiwa ng'ambo ya barabara na hajavuka tangu siku ile. Jumapili nakaa benchi la nyuma. Benchi hilo hukaa watu sita. Nakaa peke yangu.