Mgeni wa Kinyozi

Kinyozi wa mtaani kwetu husema hapendi mbayuwayu, eti wanamchafulia duka. Lakini kila majira ya kuchipua, kabla hata maua ya mcheri hayajafunguka, hupindua mwavuli mkuukuu akautundika chini ya kiota kilichoko boritini, udake mavi yao, kisha huacha mlango wazi huku meno yake yakigongana kwa baridi. "Wageni wako hawajafika bado?" mimi humchokoza nikimpelekea tofu, jibini ya soya niuzayo. "Wageni gani? Napitisha hewa." Mwaka huu mbayuwayu walichelewa kurudi kutoka ng'ambo ya bahari wanakokimbilia baridi ikianza, na wembe wake ukawa unasimama hewani kila kivuli kikipita barabarani.

Juzi Mzee Kuzuhara alikuwa kitini, povu nusu ya uso, mbayuwayu mmoja akaingia na kutua ukingoni mwa kiota. Kinyozi aliweka wembe chini polepole. "Mzee, usitikisike," akanong'ona. Tukangoja, tukangoja.

"Povu linanikaukia," Mzee akalalamika. "Na mimi ni mteja hapa tangu enzi za baba yako."

"Wewe, mzee wangu, umetoka nyumba ya tatu kutoka hapa," kinyozi akajibu, macho yakiwa boritini. "Mwenzio katoka Ufilipino."