Baba Zuhura na Mlima wa Matope Mbagala

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naacha ninachofanya. Tulikuwa tunakaa Temeke, mimi na marehemu mume wangu Bakari, ambaye tangu alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza sikumwita jina lake tena. Nilimwita Baba Zuhura. Wewe hukumkuta. Ungemkuta ungempenda, maana alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa.

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru alikuwa dereva wa mashindano ya magari. Watu walikuwa wakimsimamisha njiani kumpa mkono. Kisha gari lake likapinduka kwenye mvua, na rafiki yake Hamisi, aliyekaa pembeni yake kumsomea ramani, akafariki palepale. Baba Zuhura alitoka hospitali mzima, akanipa kofia yake ngumu, nikaifunga kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati. Hakuiulizia tena, na jina la Hamisi halikutajwa tena nyumbani kwetu. Akaajiriwa kuendesha lori, akipeleka mbegu na mabati kwenye vijiji vipya vya ujamaa huko Rufiji. Miaka ikapita. Lakini mvua ikinyesha nilimwona chai inapoa mbele yake, hajaigusa.

Basi jioni moja akaja Elia, kijana fundi wa gereji ya jirani, mtu wa bara, mwenye adabu zake. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza gari la mashindano kwa mikono yao wenyewe, na dereva wao amelazwa na malaria. Mashindano yalikuwa Jumapili.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," akasema kabla hata hajakaa. "Mzee, nimetumwa na wenzangu. Tunaomba utuendeshee."

"Mie nimeshaacha, kijana. Na mvua hii unaiona."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mzee. Wengine wanajua kukimbia. Wewe unayajua matope."

Elia alipoondoka, akanigeukia.

"Unasemaje, Mama Zuhura?"

Mwanangu, mdomo ulikuwa tayari kusema hapana. Lakini nilimwangalia usoni.

"Unataka kwenda?"

"Nataka. Na naogopa."

Nikapanda kiti, nikaishusha ile kofia. "Nenda," nikamwambia. "Ila usiende kumtafuta yule Bakari wa zamani. Nenda hivyo ulivyo."

Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mimi na majirani tulikwenda kusimama Mbagala, wakati ule mikorosho mitupu, penye njia ya udongo iliyopanda mlima mkali. Vijana walikuja kwa kishindo. Walikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure, magari yakaenda upande na kuzama kwenye matope. Wengine walisukumwa na watu mpaka wakatoka.

Kisha likaja gari la akina Elia, polepole, mpaka mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee kaogopa huyo." Baba Zuhura hakupita walikopita wenzake. Aliyaweka magurudumu ya upande mmoja kwenye majani ya pembeni, akapanda kwa mwendo uleule, haongezi, hapunguzi. Katikati ya mlima nyuma ya gari ikaserereka. Nikamshika jirani mkono. Ila yeye hakukanyaga breki wala hakupigana na usukani. Aliliacha gari liserereke kidogo, akaligeuza taratibu kama unavyomgeuza mtoto aliyelala, likashika njia, likapanda. Watu walipiga kelele, mie nalia tu.

Kwenye mvua ile hakuna aliyemfikia. Lakini walipokaribia mjini mvua ikakatika, lami ikakauka, na vijana wawili wenye magari yenye nguvu wakampita. Akamaliza wa tatu. Elia, aliyekuwa pembeni yake siku hiyo, aliinamisha kichwa kama amefiwa. Baba Zuhura alikuwa anacheka, kile kicheko chake chote.

Nyumbani, anasuuza miguu, nikamuuliza, "Woga ulikutoka saa ngapi?"

"Haukunitoka. Pale gari liliposerereka nilimwona Hamisi kabisa. Nikamwambia, kaa ndugu yangu, twende."

Tangu siku hiyo akawa anamtaja rafiki yake, anatusimulia vituko vyao mpaka tunashika mbavu.

Ametangulia miaka mingi sasa. Mlima ule umejaa nyumba, siwezi hata kukuonyesha ulipokuwa. Masika yakianza namtamani mpaka kifua kinauma.

Mwanangu, ukiacha jambo ulilolipenda kwa sababu limekuumiza, pumzika, lia, usione haya. Siku ya kurudi ikifika, usingoje woga uishe, maana hauishi. Rudi na mwili ulionao leo, na akili uliyoipata huko ulikokaa. Watakaokupita, wapishe. Na kama wewe ndiye unayebaki nyumbani, mruhusu mwenzio kwa moyo mweupe hata kama unatetemeka. Mimi nisingemruhusu, sijui leo ningekuwa namkumbuka mtu gani.

Mungu akutangulie kila uendako, akupe watu wa kukungoja, na akurudishe kwao salama.